Majibu ya Sampuli ya Saba

Husna alirudi kutoka kliniki Jumanne saa tano asubuhi, akapita mbele ya meza ya mama mkwe wake bila kunyoosha mkono. Hapo hapo Bi Moza akajua kuna jambo. Mimba ilikuwa ya miezi mitano, na kwa miezi minne kati ya hiyo yule binti hakuwahi kuipita ile meza bila kuchukua kijiti kimoja cha udongo na kukimung'unya akielekea uani. Siku nyingine alichukua viwili, cha pili akakificha kwenye kanga, na Bi Moza akajifanya anatazama upande wa Mtaa wa Msimbazi.

"Husna, cha leo hukukiona?"

"Nimekiona, mama."

"Umeshiba?"

"Sijashiba." Akaingia ndani.

Zamda wa meza ya jirani, ambaye jicho lake halikuwa na likizo, alipangusa ubuyu mdomoni. "Mkweo leo kakupita kama basi la mwendokasi lililojaa."

"Kliniki wamemchosha."

"Au udongo umemchosha. Aje nimpe wangu mbichi, usio na mbwembwe za moshi."

Udongo wa kula, ule wanawake wauitao pemba, uliuzwa na wengi Kariakoo, lakini wa kuokwa ulikuwa wa Bi Moza peke yake. Aliuponda, akaukanda, akauviringisha vijiti vya ukubwa wa kidole, akauanika kwenye ungo, kisha akauoka nusu siku ndani ya pipa lililokatwa, kwa moshi wa kuni. Ukitoka humo una harufu ya ardhi iliyoonja mvua ya kwanza. Wajawazito walitoka Temeke na Kinondoni kuufuata, na waliokwisha kujifungua walirudi kuulamba kwa kuukumbuka tu. Akamwomba Zamda amtazamie meza, akaingia uani.

Husna alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, mkoba wa kliniki mapajani.

"Nesi katusomea kitu kwenye simu," akasema kabla hajaulizwa. "Kuna watafiti walipima udongo wa Kariakoo miaka miwili iliyopita. Wamekuta madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Yanaingia kwenye damu ya mama, yanapita mpaka kwa mtoto, yanamharibu akili kabla hajazaliwa."

"Udongo wote?"

"Walipima meza tisa. Nane zinayo kidogo kidogo. Moja imezipita zote mara thelathini."

"Ya nani hiyo?"

"Majina hawakuandika. Wameandika sampuli ya saba." Husna alikuwa akiuangalia mkoba. "Udongo uliookwa kwa moshi."

Pipa lilikuwa pale pale ukutani, mdomo wazi, na kuku wa jirani alikuwa akichakura majivu yake. Bi Moza alilitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kitandani kwake.

"Mama, ulijua?"

"Ningejua ningekupa wewe?"

"Mimi nauliza tu."

"Uliza mwanangu, ni haki yako." Akakaa chini sakafuni, yeye na kanga zake mbili.

Maana alimkumbuka yule mtafiti wa miaka miwili iliyopita. Alikuja na glavu mikononi kama anataka kumzalisha mtu, akachukua vijiti vitatu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akabandika namba. Akampa karatasi atie sahihi, akamwachia nakala. Alikuwa mpole, alimwita mama. Wakati wa kuondoka alisema, "Tutarudi na majibu." Bi Moza alimwekea kigoda wiki nzima. Halafu kigoda kikahitajika msibani kwa jirani, na mambo yakaishia hapo.

Mzee Shaibu, mumewe, aliingia kwa mlango wa nyuma na mzigo begani. Kazi yake ilikuwa kununua milango na madirisha ya nyumba za zamani zinazobomolewa kupisha maghorofa. Mizima aliiuza kwa mafundi, iliyovunjika aliileta nyumbani. Alitua vipande viwili vya mlango karibu na pipa, akafuta jasho, akaelezwa.

"Watafiti wa kwenye simu hao," akasema. "Mumeo Hafidhi, mama yake kala udongo mimba nzima, na leo anaendesha lori la matairi ishirini na mbili mpaka Tunduma."

"Na darasa la nne alilirudia mara ngapi?" akauliza Bi Moza.

Mzee Shaibu alifikiri. "Mwalimu yule alikuwa na chuki."

Husna hakucheka. "Nimeshaongea na Hafidhi. Mimi Ijumaa naenda kwa mama, Mbagala. Si kwa ugomvi. Lakini sikai nyumba ambayo hatujui tumekula nini. Mkijua, nitarudi."

Alilisema kwa heshima, na ndiyo maana likauma zaidi.

*

Karatasi ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa na picha ya Hafidhi akiwa hana meno ya mbele. Jina: Dkt. Evarista Komba. Jengo: lile refu la vioo kule Posta. Ghorofa ya tatu.

Jumatano asubuhi Bi Moza alivaa baibui la Idi, akatia vijiti vya udongo kwenye kikapu, akakata viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu. Mlinzi wa getini alimwona tangu upande wa pili wa barabara, akainua kiganja.

"Mama, shikamoo. Hapa hatununui."

"Marahaba. Siuzi. Nimefuata majibu yangu."

"Hospitali ni kule mbele."

"Siumwi, baba."

Mlinzi alimsogezea daftari la wageni. Bi Moza aliishia la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa wa kujivunia. Kwenye Jina akaandika jina. Kwenye Taasisi Unayotoka alifikiri kidogo, akaandika Meza. Kwenye Sababu ya Kuja akaandika Majibu.

Mlinzi alisoma, kisha akanusa. "Huo si ule wa kuokwa? Wa nyuma ya Msimbazi? Mke wangu Jovitha ananituma kila Jumamosi."

"Ana mimba?"

"Ya saba hii."

Bi Moza akaufunika mdomo wa kikapu kwa upindo wa baibui. "Jumamosi hii usimpelekee."

"Kwa nini?"

"Ndiyo napanda kuuliza."

Yule mlinzi, Athanas jina lake, hakumpa kadi ya mgeni wala hakumsomea masharti. Alimbonyezea lifti mwenyewe, na mlango ulipokuwa unafunga akasema, "Mama, ukishuka usinipite."

Ofisi ya daktari ilikuwa na baridi ya kufanya mtu akumbuke blanketi. Ukutani palikuwa na bango kubwa la rangi, na kwenye bango nguzo tisa zimesimama kwa mstari. Nane zilikuwa fupi kama vifaranga. Ya saba ilipanda mpaka karibu na dari. Dokta Evarista, yule yule wa glavu, mwanamke wa kama miaka arobaini, alisimama kumpokea kwa tabasamu la mtu anayejaribu kukumbuka.

"Huyu mrefu ni nani?" Bi Moza aliuliza, kidole kwenye bango, kabla hata ya kukaa.

"Hiyo ni sampuli ya..." Daktari akaona kikapu. Tabasamu likakaa chini. "Karibu mama. Keti."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni udongo wako, mama. Si wewe."

"Na hili bango liko hapa tangu lini?"

"Mwaka na nusu. Limeonyeshwa kwenye mikutano mitatu. Nairobi, Accra, na Ulaya mara moja."

"Limepanda ndege mara tatu," Bi Moza alisema taratibu. "Kufika kwangu ni dakika ishirini kwa miguu, na njiani kuna kivuli."

Dokta Evarista alieleza. Hakuwa mtu mbaya, na maelezo yake hayakuwa ya uongo. Matokeo waliyachapisha, dunia nzima inaweza kuyasoma. Ripoti waliipeleka kwenye ofisi inayohusika, wakaambiwa wasiwatie watu hofu mpaka chanzo kijulikane. Halafu fedha za mradi zikaisha, chanzo kikabaki bila kujulikana.

"Dunia nzima inaweza kuyasoma," alirudia Bi Moza. "Mimi siko duniani?"

"Mama, yameandikwa Kiingereza."

"Kwa hiyo mkaona bora tule kwa amani."

Kiyoyozi kikaunguruma. Daktari akahamisha kalamu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akairudisha.

"Kitendawili," alisema Bi Moza.

Dokta Evarista aliangalia mlangoni kama kuna mtu anasikia. Lakini aliyelelewa na bibi, hata akisoma mpaka madarasa yakaisha, ulimi humjibia wenyewe. "Tega."

"Nilimpa mgeni kipande cha mkate wangu. Akaenda akakigawa kwa dunia nzima, mwenye jiko nikalala njaa."

Daktari aliiweka kalamu chini. "Nimeshindwa."

"Hujashindwa, unaona haya kujibu. Nipe mji."

"Chukua Songea."

"Songea kwenu, baki nayo."

"Chukua Arusha."

"Ina baridi kama humu. Sitaki."

"Sasa unataka mji gani, mama?"

"Sitaki kupewa mji. Nataka uje. Kariakoo, uani kwangu, kesho. Uje na hicho chombo kilichokwambia mimi ni mrefu." Akainuka, akakumbuka. "Na chini kuna kijana, Athanas, mke wake anakula kwangu. Shuka umwambie wewe. Mimi sijui maneno yake."

Na daktari, ambaye kwa mwaka na nusu alikuwa akimpita Athanas asubuhi na jioni kwa "habari ya kazi", alishuka.

*

Alhamisi alikuja kweli, amevaa viatu vya kuliweza soko. Chombo chenyewe kilifanana na kile cha kukaushia nywele saluni. Ukikielekeza kwenye kitu ukabonyeza, kinahesabu kidogo, kisha kinakuambia ndani yake kuna nini. Uani ukajaa. Zamda aliacha meza yake wazi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Gunia la udongo mnanunua wapi?" daktari aliuliza.

"Kwenye lori moja la fuso, mimi na yeye," alisema Bi Moza akimwonyesha Zamda. "Gunia tunagawana nusu kwa nusu."

Dokta Evarista akainua kichwa. "Gunia moja?"

"Tangu mwaka wa nyuma ya ule mliopima."

Akapima udongo wa gunia: kidogo. Akapima vijiti vya Zamda: kidogo. Akapima vya Bi Moza: chombo kikalia. Akapima maji ya ndoo, ungo, pipa kwa nje, mwiko. Hakuna.

"Nipime na mimi kichwa," alisema Zamda, "nijue kama kuna kitu."

"Mwenzio anatafuta madini," alisema Bi Moza, "hatafuti kilichopotea."

Hata Husna akacheka, akiwa amesimama mlangoni na begi lake la Mbagala, limeshafungwa, miguuni pake.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mzee Shaibu na mzigo wa siku hiyo. "Salamu alaikum, watu wangu," akasema, akatua mbao zake karibu na pipa, kipande kikubwa cha mlango wa kijani, rangi imebabuka magamba magamba, na chini ya kijani bluu, na chini ya bluu rangi ya krimu.

"Hizo ni za nini, mzee?" daktari aliuliza.

"Kuni za mama. Mninga huu, binti. Nyumba ya watu wakubwa hii. Rangi yake ya zamani, siyo hizi za siku hizi zinazotoka na jasho."

Dokta Evarista alichutama. Akaelekeza chombo kwenye magamba ya kijani, akabonyeza. Akakitazama. Akakifuta kioo kwa shati lake, akabonyeza tena. Kisha akachukua majivu kwenye pipa kwa kijiko, akapima na hayo.

"Rangi za zamani zilikuwa zinatiwa risasi," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini. "Ili zing'ae, zidumu. Mlango ukiungua, risasi inapanda na moshi. Udongo ukiwa juu ya moshi unainywa. Miaka miwili, mama. Tumeandika chanzo hakijulikani, utafiti zaidi unahitajika."

"Utafiti zaidi ulikuwa umekaa mezani unauza," alisema Bi Moza. "Ungeuliza kuni."

"Kwenye fomu hapakuwa na swali la kuni."

"Fomu aliandika nani?"

"Mimi."

Mzee Shaibu alikuwa amekaa juu ya mbao zake, kama alivyozoea. Akainuka polepole, akajifuta matako kwa kiganja, akasogea akasimama mbali nazo.

Bi Moza yeye aliinama, akaokota gamba moja la kijani, dogo kama ukucha. Kwa hiyo ule mnukio waliomsifia, ule waliosema Bi Moza ana mkono, Bi Moza ana siri yake, ulikuwa milango ya watu. Milango iliyofungwa na kufunguliwa miaka sitini kupitisha mabibi harusi na maiti na wapangaji, ndiyo aliyowalisha wajawazito wa mji mzima. Na mjukuu wake.

"Husna," akasema bila kugeuka. "Sasa tunajua tulichokula. Hukumu ni yako."

Husna aliangalia begi. "Na mtoto?"

"Tukapime damu yako leo hii," alisema daktari. "Mimi mwenyewe nakupeleka. Majibu nitaleta Alhamisi ijayo."

"Hayo maneno nayafahamu," alisema Bi Moza. Akamwomba mumewe chaki, ile ya kupimia mbao, akaenda kwenye ukuta wa jikoni, akaandika kwa mwandiko wake wa kujivunia: Majibu ya Husna, Alhamisi. Akampa daktari chaki. "Mara ile nilitia sahihi kwenye karatasi yako. Tia na wewe kwenye ukuta wangu."

Daktari wa watu, mwenye shahada tatu, akatia sahihi ukutani, chini ya moshi wa miaka. Husna akaisoma ile siku, akalisukuma begi lake kwa mguu mpaka nyuma ya mlango.

"Mpaka Alhamisi," akasema.

*

Pipa lilizimwa siku ile ile. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi ndiyo siku ya wajawazito. Dokta Evarista alipiga simu Ijumaa kusema anafuatilia kibali cha kutangaza.

"Wewe fuatilia," Bi Moza alimjibu. "Mimi meza ni yangu, na mdomo ni wangu. Kama nilikuwa na kibali cha kuwalisha, ninacho cha kuwaambia."

Daktari akauliza: "Unafungua saa ngapi?"

Alifika saa tatu, na barua ya kibali mkononi ambayo bosi wake, alivyosema, aliitia sahihi bila kuisoma ili asiulizwe. Wanawake walikuwa wameshajazana, matumbo mbele, mikoba begani. Daktari akapanda kwenye kreti ya soda.

"Ndugu zangu," akaanza, "katika uchambuzi wetu wa viwango vya mkusanyiko wa metali nzito katika sampuli zilizotokana na..."

"Anauza nini huyu?" mmoja aliuliza.

"Dawa ya mende," mwingine akajibu.

Bi Moza akamgusa mguu, daktari akashuka. Yeye hakupanda popote. Alisimama nyuma ya meza yake, ambayo siku ile haikuwa na kitu isipokuwa gamba moja la kijani kwenye kisahani.

"Mnanijua," alisema. "Udongo wangu una sumu. Siyo umeingiwa na wachawi, nimeitia mwenyewe bila kujua, kwa kuni za milango ya rangi. Huyu daktari kanionyesha. Inaingia kwenye damu, inakwenda kwa mtoto. Nimemlisha mkwe wangu, nimewalisha na nyinyi. Anayetaka kunitukana, nipo hapa mpaka saa kumi na mbili. Ila kabla ya kunitukana ajiandikishe kwa daktari akapimwe damu, bure."

Walimtukana. Si wengi, lakini mmoja alitosha. Dada wa Magomeni alisema maneno yaliyomfanya Zamda, hata Zamda, ainamishe macho. Bi Moza alisimama akayapokea yote, mikono juu ya meza. Alipomaliza, yule dada alilia, kisha akajiandikisha, wa kumi na nne kwenye orodha. Wa kwanza alikuwa Jovitha wa Athanas, aliyeletwa na mumewe akiwa na sare za kazini.

"Basi njooni kwangu," Zamda akaanza kuwapungia, "mimi sioki, wangu ni..."

"Hata huo mbichi siwezi kukwambia mjamzito aule," alisema Dokta Evarista. "Una risasi kidogo, na mayai ya minyoo juu yake. Hamu ya udongo mara nyingi ni damu imepungua. Aende kliniki apewe vidonge."

Zamda akabaki na mkono hewani. "Wewe si ulikuja kumpima huyu?"

"Nimekuja kuleta majibu ya meza tisa, mama. Ya kwako ilikuwa ya nne."

"Mwenzangu," Bi Moza alimwambia Zamda, "karibu kwenye bango."

*

Alhamisi mvua ilishuka tangu asubuhi. Bi Moza alikausha kigoda, akakiweka barazani, akakiondoa, akakiweka tena. Saa nne. Saa sita. Mzee Shaibu alirudi kutoka msikitini akakuta kigoda kiko ndani.

"Hajaja?"

"Ana kazi zake."

"Si apige simu tu."

"Hata apige, leo siipokei," alisema Bi Moza. "Haya si majibu ya simu."

Husna alikuwa amekaa jikoni kuelekea ukuta, akilisoma lile andiko la chaki kama limeongezewa mstari. Begi lilikuwa limetoka nyuma ya mlango, limesogea hatua mbili peke yake, kama mabegi yanavyofanya.

Saa tisa na robo mtu alibisha hodi. Dokta Evarista alikuwa amelowa mpaka kwenye miwani, viatu mkononi, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine.

"Msimbazi pamejaa maji," alisema. "Nimepita kwenye mkokoteni wa mtu."

Hawakumpa hata taulo. Wote watatu waliutazama mfuko.

"Risasi kwenye damu ni kumi na nne," akasema. "Tunataka isifike tano. Ni juu, sitakuficha. Lakini nimeona za watu waliozidi hapo mara tatu."

"Na mtoto?" Husna aliuliza.

Daktari alifuta miwani, akaivaa, akamtazama machoni. "Siwezi kukuahidi kitu nisichokijua. Ninachokijua ni hiki: umeacha, na miezi mitatu na nusu imebaki. Kila wiki itashuka. Kunywa maziwa, kula dagaa na mchicha, vidonge vya damu usiruke hata siku moja. Nitarudi baada ya wiki nne tupime tena."

Husna akainuka, akafungua begi lake pale pale mbele ya mgeni, akatoa taulo, akampa daktari.

"Jifute, dada. Utapata homa."

Bi Moza alikuwa ameshaenda kutafuta chaki.

*

Ukuta wa jikoni ulipata sahihi nne. Ya pili kando yake iliandikwa tisa. Ya tatu, sita. Ya nne iliandikwa siku mtoto alipozaliwa, msichana, kilo tatu na kitu, na damu ya kitovu chake ilipopimwa ilisoma tatu. Daktari alisema ataendelea kumfuatilia mpaka aanze shule, na hakuna aliyemuuliza kama anasema kweli. Waliangalia tu kama ukuta bado una nafasi.

Mezani kwa Bi Moza siku hizi kuna maembe mabichi ya kukaushwa kwa chumvi na pilipili, na ukwaju. Haviingizi pesa kama udongo ulivyoingiza. Zamda anasema maembe hayana mnukio. Wajawazito wanakuja, si wengi, wanasaga meno kwa ule ukali, wanakaa kwenye kigoda, wanaulizwa kama wamechukua vidonge vyao.

Arobaini ya mtoto ilipokaribia, Mzee Shaibu aliamua nyumba ipendeze. Akaja na kopo la rangi nyeupe na brashi mpya, akavua shati, akaanza na ukuta wa jikoni. Brashi haijagusa, Bi Moza akatokea na mjukuu begani.

"Shaibu."

"Zile sahihi nitaziruka, najua."

"Sisemei sahihi." Alilisogelea kopo, akalizungusha kwa kidole cha mguu, akasoma mbele na nyuma. "Hiyo rangi imepimwa?"

Mzee Shaibu alitazama kopo, akamtazama mjukuu, akaiweka brashi chini taratibu. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta jina la Evarista.